Kiti cha katikati nilichokitoa kwenye Land Rover ya marehemu babangu

Asalaam aleikum wakuu, na kwa wengine wote, hamjambo.

Mimi shule niliachia darasa la nane, kuandika kwangu mtanivumilia. Nitaeleza yalivyokuwa, hata pale panaponitia aibu.

Marehemu babangu alituachia Land Rover Series III. Ilikaa nje ya nyumba yetu Kibokoni, hapa kisiwani, miaka sita, chumvi ya bahari ikiila. Bodi ni aluminiamu, haikudhurika sana. Chassis ndiyo iliyooza, unapenyeza kidole.

Kwa kuwa ni mali ya warithi, niliwauliza mamangu na dada zangu wawili kabla sijagusa skurubu. Injini ya dizeli badala ya petroli, power steering, disc brake za mbele. Wote wakaridhia.

Kiti sikukitaja. Sikukificha, wallahi. Sikuona kama ni jambo.

Series ina viti vitatu mbele. Cha katikati ni chembamba, na gia iko hapo hapo magotini.

Ijumaa baada ya Alasiri babangu alikuwa akitupeleka Lighthouse, kule ufukweni, kula mihogo. Nyanya, mamake baba, alikaa mlangoni apate upepo. Mamangu katikati. Sisi watoto nyuma. Kila babangu akitia gia, mamangu husogeza magoti.

Nikimuonea huruma sana.

Basi nikamwambia fundi Mutua, mwenye gereji Bondeni, akitoe kiti hicho aweke sanduku lenye mahali pa vikombe. Mamangu akae mlangoni kwa raha zake.

"Bosi, hiki ni original. Nikuwekee?"

"Kitanijazia nyumba bure. Mpe mtu wa vyuma."

"Umeuliza wenyewe?"

"Wenyewe ni sisi."

Akacheka. "Haya, mzee wa vikombe."

Nimpe haki yake: aliniuliza mara mbili. Kosa si lake.

Kazi ilichukua miezi kumi na moja. Gari ikatoka na kijani chake kile kile, usukani mwepesi mpaka nikaona haya kumkumbuka babangu akishindana nao.

Nikamwita mamangu. Akaja na buibui jipya, amejifukiza udi. Nikamfungulia mlango. Akasimama.

"Mwanangu, mimi n'keti wapi?"

"Hapo mlangoni, mama. Sasa huna wa kukubana."

"Kwani n'likwambia nabanwa?"

Akapanda. Tukaenda Lighthouse, tukala mihogo. Akasifu rangi, akasifu breki. Hakunilaumu hata kwa neno.

Lakini njiani kurudi, kila nikitia gia, magoti yake yalikuwa yakisogea. Na hakuna kilichoyagusa.

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo. Nyanya alifariki nikiwa na miaka tisa. Kiti cha mlangoni kikabaki kitupu miaka yote ile, na mamangu hakuhamia.

Nimewazunguka wanunuzi wa vyuma vikuukuu kisiwa kizima. Hakipo. Sanduku nimeling'oa, na Mutua akanitengenezea kiti kingine. Si kile, hata mamangu ajua.

Ijumaa iliyopita alikibonyeza kwa kiganja, akakunja buibui, akapanda katikati. Nikawasha gari, nikatia gia ya kwanza haraka haraka.

"Polepole na hiyo gia," akasema. "Babako hakuwa na haraka hapa."

Nikaona haya. Nikaangalia barabara.

Nilichojifunza ni kwamba kabla ya kuitengeneza gari ya wazazi, uliza nani alikuwa akikaa wapi. Niliuliza habari za injini, nikajiona mwadilifu. Na pengine hata hiki kipya nimekosea kumwekea, maana alipofika nyumbani alikaa garini kitambo kabla ya kushuka. Sijui.

Wenye Series, viti vyenu vya katikati mmevifanyaje? Na atakayekiona chetu kile cha kwanza, kina mshono mwekundu pembeni na kipande cha turubai chini. Niandikieni hapa hapa. Hata wa kunisuta, nitasoma.