Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Katibu

Katika ofisi yetu ya vikundi vya wakulima hapa Kilosa, mimi ndiye ninayeitwa kompyuta zikigoma. Sijui kama nastahili. Niliishia kidato cha nne, nikaongeza kozi fupi Morogoro, na mengi bado nayafanya kwa kubahatisha.

Kiangazi kile kompyuta ya katibu muhtasi, mama aliyetuzidi sote umri, ilianza kujizima yenyewe. Yuko katikati ya ripoti, mara kioo cheusi, maneno yamekwenda. Mkuu wa ofisi akatamka mbele yetu kwamba ikizima tena, uchapaji utahamia tawi la Mikumi. Na uchapaji ndiyo kazi ya mama. Ukihama, anabaki kukaribisha wageni tu.

Kesho yake nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo umwone mgonjwa wako."

Kasha la kompyuta alikuwa amelivika kitambaa cha kufuma, cheupe, maua pembeni, kama tunavyofunika televisheni nyumbani. Kilishuka nyuma kikaziba matundu ya kutolea joto. Nikakitoa. Kisha nikafungua kasha, nikapangusa feni kwa brashi ya rangi, maana vumbi lilikuwa limeganda. Nikawasha. Ikafanya kazi mpaka adhuhuri bila kuzima.

"Ni kitambaa," nikatangaza kwa furaha.

Basi mhasibu akapata la kusema. "Mama, kumbe umeivalisha sweta! Imezimia kwa jasho."

"Nyamaza wewe. Yako inakohoa vumbi kama ng'ombe wa mnadani."

Tulicheka, isipokuwa mkuu. Akanigeukia: "Kwa hiyo aliyekuwa anaiharibu ni yeye?"

Hapo nikasita. Nilifanya mambo mawili kwa wakati mmoja: nilitoa kitambaa na nilisafisha feni. Lipi liliiponya kompyuta? Tena mama alifunika ili kuzuia vumbi, na dirisha lake linatazama barabara. Huenda bila kitambaa feni ingekuwa na hali mbaya zaidi.

"Sijui, mzee," nikasema. "Nilisema haraka. Ningefanya moja kwanza, nikangoja, ndipo la pili."

"Fundi gani wewe, hujui?"

Alikuwa na haki ya kuuliza.

"Basi rudisha kitambaa tuone," akasema.

Mama akainua kichwa. "Kirudi, izime, kazi iende Mikumi? Hapana, mkuu. Mkitaka kujaribu, jaribuni kwenye ya kwako."

Mhasibu alijifanya anatafuta kalamu chini ya meza. Mkuu mwenyewe akashindwa kujizuia, akacheka. "Haya. Malizeni ripoti kwanza."

Jaribio halikufanyika, kwa hiyo mpaka leo sijui. Ila sasa nikigusa kompyuta yoyote, hapa au Mikumi, natengeneza kitu kimoja, nangoja. Napoteza muda mwingi. Wengine wanasema mimi mzito, na pengine ni kweli.

Siku ile nilisimama nyuma ya meza yake, kiganja kwenye matundu, nikipima joto. Mama alichapa, akasevu, akachapa.

"Sogea, mwanangu, unanizibia mwanga."

Nikasogea. Jioni printa ikatoa ripoti nzima. Mkuu alisoma ukurasa wa kwanza akiwa wima, akaingia ofisini kwake, akarudi na karatasi nyingine za mwandiko wa mkono, akaziweka mezani kwa mama azichape.