Robo Mzunguko

Ramani za mgodi zilinuka amonia. Baba, mchoraji katika ofisi ya ramani za mashimo ya mgodi wa Mashamba, alirudi nyumbani Kolwezi na zile zilizopitwa na wakati, nami nikachora molekuli nyuma ya karatasi hizo hadi macho yakaniwasha. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nilitaka kitu kimoja tu: parokia yetu ingemlipia mwanafunzi mmoja masomo ya famasia Lubumbashi, na mtihani wa kumchagua ulikuwa wa kemia. Mwalimu wetu, ambaye pia angesahihisha mtihani huo, alitufundisha kuhamisha molekuli kutoka mchoro wa msalaba kwenda mchoro wa duara. Katika msalaba, mikono ya kulala inamjia mtazamaji, ile ya kusimama inamkimbia. Katika duara unaitazama molekuli kwa mbele, kaboni moja ikiificha nyingine. Alituonya mara nyingi kwamba msalaba haulazwi ubavu: zungusha karatasi robo mzunguko, ukiusoma unapata molekuli nyingine, kama mkono wa kushoto badala ya wa kulia.

Baba alicheka aliponiona nikipinda shingo. Watu wa ramani huzungusha karatasi mpaka ikae wanavyotaka kuiona. Ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote, na sikuwahi kumwona akikosea. “Zungusha tu karatasi, mwana,” aliniambia. “Shimo haitembeake.” Nilimpenda, basi nikamwamini yeye kuliko mwalimu. Siku ya mtihani niliilaza karatasi ubavu, nikachora maduara safi kabisa, na yote yalikuwa ya molekuli nisizoulizwa. Nafasi ikaenda kwa mwenzangu mmoja aliyetoka mji wa Tenke.

Mwalimu aliniita, akachomeka vijiti kwenye vipande vya muhogo, akanipa molekuli mbili nizilinganishe. Nilizigeuza weee, hazikulaliana. Nikaelewa. Lakini nilipofika nyumbani baba alikuwa ameshaamua. Sisi asili yetu ni Kasai, mwalimu alitoka kaskazini mwa Katanga, na miaka hiyo ya uhasama kati ya pande hizo mbili, hilo lilitosha kumshuku. “Balikuonea juu tuko ba Kasai,” alisema, na Jumapili kanisa zima lilijua. Ningeweza kueleza kosa langu. Ila ingenibidi kumwambia kwamba ni yeye aliyenipoteza, na, niseme kweli, kuonewa kulikuwa kutamu kuliko kushindwa. Baba hakumsalimia tena yule mwalimu, ingawa tulichota maji kwenye bomba moja.

Leo napima sampuli za shaba kwenye maabara ya mgodi, na binti yangu huzungusha molekuli kwa kidole kwenye simu, inamwonyesha pande zote, wala hakosei. Namwonea wivu, sikatai. Baba alifariki mwaka jana. Kwenye matanga mwalimu alikuja, mzee sasa, akitembelea fimbo, na kaka zangu wakamzuia mlangoni, wakamwambia kwamba mwizi wa nafasi ya dada yao hana kiti pale. Aliuliza tu kama mimi nipo. Nilikuwepo nyuma ya pazia, hatua tatu kutoka kwake, na nikanyamaza mpaka akaondoka.