Fuko Mwenye Mshono

Wenzangu mlio na wajukuu mnaijua sauti ya mtafsiri wa filamu, yule anayezungumza Kiswahili cha haraka juu ya sauti za wenyewe, akicheka, akionya, akimwita kila askari "mwamba". Nyumbani kwetu Ipagala sauti hiyo huanza Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mimi huisikia nikiwa kwenye kiti changu, macho nimefumba. Watoto hudhani nimelala, kumbe mara nyingi ninaomba.

Jumamosi moja mjukuu wangu Meshaki alikuwa akitazama filamu ya watu wanaoishi angani, mojawapo ya mfululizo mrefu usioisha. Chombo chao kilikuwa kimeanguka na kufukiwa na barafu. Fundi mmoja alikwama nyuma ya mlango wa chuma pamoja na mtoto wa kike, na hewa ilikuwa inapungua. Mtafsiri akapunguza kasi, akasema, "Sasa hapa jamaa anamkumbusha dogo kitabu cha utotoni. Anamuuliza, yule Fuko alipofukiwa alisemaje? Dogo anajibu: Nipo ndani, naanzia ndani."

Nikafumbua macho.

"Rudisha hapo," nikamwambia Meshaki.

"Bibi! Leo na wewe unaangalia muvi?"

"Rudisha. Huyo Fuko namfahamu."

Alicheka hadi akashika tumbo. Akanieleza kwamba Fuko anatajwa humo tangu filamu ya kwanza; nahodha alisomewa habari zake akiwa mdogo, na roboti wao hulirudia lile neno lake kila wanapokwama. "Bibi, hawa ni watu wa miaka ijayo. Wewe ulikutana naye wapi?"

"Kwenye kilindo."

Hapo akaacha kucheka. Akatafuta kwenye simu, akagundua kwamba kitabu kilikuwapo kweli, cha zamani kuliko filamu zote, akanionyesha jalada lake. Palikuwa na mnyama mdogo mweusi, macho yake hayaonekani, viganja vyake vipana vya kuchimbia vimeelekezwa mbele. Maisha yangu yote nilikuwa nikiamini kwamba Fuko ni mfuko.

Msinicheke kabla sijawaeleza. Kijijini kwetu, Kiswahili kilikuwa lugha ya kanisani na darasani tu. Nyumbani tulisema Kigogo. Mwalimu wetu, Mwalimu Elia, alikuwa pia katekista. Alikuwa na kitabu kimoja cha hadithi alichopewa na wageni waliohama, na kurasa za picha watoto wao walikuwa wamezing'oa. Kila Ijumaa alisimama mbele yetu, akakitazama Kiingereza chake kwa uso wa mtu anayevuka mto, kisha akatuletea Kiswahili ng'ambo ya pili. "Fuko akaenda chini ya ardhi. Fuko akakutana na jiwe." Panya yule wa chini ya udongo sisi tulimwita kwa jina letu. Fuko tulilolijua ni lile la dukani, la gunia, la kutilia chumvi. Ni kweli Mwalimu alisema "akaenda" wala hakusema "likaenda", lakini katika hadithi hata jiwe likianza kuzungumza hupewa heshima ya mtu. Basi kichwani mwangu Fuko alikuwa gunia dogo lenye macho, lenye mshono ubavuni, likitambaa gizani bila woga. Nilimpenda mno.

Mwaka huo mvua zilikatika mtama ukiwa magotini. Baba aliondoka na ng'ombe waliobaki kwenda kutafuta malisho. Mama alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo, na kurudi jua limekwishapinduka. Tulibaki mimi na bibi, mama yake baba, ndani ya tembe letu.

Kilindo chetu kilisimama kwenye chumba cha ndani, kimebanwa kati ya ukuta na nguzo: pipa kubwa la gome la mti, gome moja limekunjwa na kushonwa kwa kamba, refu kunizidi mara mbili hivi. Mtama ulipokuwa mwingi, watu wazima waliuchota kutoka juu. Ulipofika chini kabisa, alihitajika mtoto wa kuteremshwa. Siku hiyo, kama siku zilizotangulia, bibi alipanda kwenye kinu kilichofudikizwa, akanishika mikono, akanishusha taratibu, kisha akanitupia kipande cha kibuyu cha kukwangulia.

Ndani mlinuka vumbi la nafaka, majivu ya kuzuia wadudu, na moshi wa miaka mingi. Juu yangu palikuwa na duara la mwanga hafifu, na ndani ya duara hilo uso wa bibi.

"Mke mwenzangu, umeukuta?"

"Nimeukuta, bibi. Kidogo, hapa pembeni."

"Kwangua vizuri. Usiniachie, mume wetu atasema wake zake wavivu."

Mume huyo alikuwa babu, aliyekuwa amelala kaburini tangu kabla sijazaliwa. Nikacheka, nikainama kukwangua. Ndipo nikasikia kinu kikibingirika na kitu kizito kikianguka. Nilipoinua kichwa, duara lilikuwa tupu.

Nilidhani ni mchezo. "Bibi, nitoe." Kilindo kikanirudishia sauti yangu mwenyewe, nene, kama mtu mwingine ananidhihaki. "Bibi, nimemaliza!" Nje mbuzi mmoja alilia, kisha kukawa kimya. Niliruka, vidole vikagusa gome laini, nikateleza. Niliegemea upande mmoja kwa nguvu zangu zote ili kilindo kianguke. Ukuta na nguzo vilikishika kama mikono. Vumbi likatimka, likaingia puani na kooni. Kadiri nilivyolia ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito. Wadudu wadogo walitambaa shingoni.

Kisha nikamsikia. Kupitia lile gome, karibu kabisa na miguu yangu, bibi alikuwa akipumua kwa kukoroma, kama mtu aliye mbali sana. Ningeweza kumgusa kama si gome la unene wa kidole. Sijawahi tena maishani kuwa karibu hivyo na mtu nisiweze kumfikia.

Nikaomba. Sala niliyoijua yote bila kukosea ilikuwa ile ya kabla ya kula, basi nikaisali hiyo, nikashukuru kwa chakula kilichoko mezani, nikasema amina. Na baada ya amina nikamkumbuka Fuko. Nipo ndani, naanzia ndani. Nikajiuliza, gunia likifungwa mdomo, vitu vilivyomo hutokea wapi? Hutokea kwenye mshono. Kila mtoto aliyewahi kutumwa chumvi anajua.

Nikapapasa ukuta wa gome gizani mpaka vidole vikakuta zile kamba, zimekauka, zimevuka gome kwa gome. Nikakipiga kibuyu chini, kikapasuka, nikashika kigae chenye makali na kuanza kusaga. Kamba ya kwanza ilinichukua muda mwingi. Nyingine nilizing'ata. Upande wa pili pumzi ya bibi ilikuwa inakawia, inarudi, inakawia tena, na kila ilipokawia na mimi nilishika yangu. Mwishowe gome likafunguka kiasi cha kupitisha kichwa. Nikajipenyeza, bega likachubuka, nikaangukia juu ya miguu yake.

Nilikimbia hadi kwa jirani yetu, mama Yuditha.

"We Ruti! Umepigana na paka au umeoga majivu?"

"Bibi amelala chini, haamki!"

Alichukua kibuyu cha maziwa ya mgando aliyokuwa amewawekea wanawe, akatangulia mbio kuliko mimi. Akamwinua bibi, akamlowesha midomo, akamnywesha kidogo kidogo. Baada ya muda bibi akafumbua macho. Alinitazama, akatazama kile kilindo kilichopasuka ubavu, akanitazama tena.

"Mke mwenza," akasema kwa sauti ndogo, "mlango ulikuwa juu."

Mama Yuditha akacheka huku machozi yakimtoka.

Hayo ndiyo niliyomsimulia Meshaki, na filamu yake ikaendelea bila yeye kuitazama. Naye akasema jambo ambalo sikuwa nimeliwaza. "Bibi, kama ungejua ni mnyama, ungechimba chini." Ni kweli. Ningechimba kama Fuko wa jalada lile, kwa kucha, kwenye sakafu iliyotwangwa mpaka ikawa kama jiwe, na bibi angeishia hapo hapo. Namshukuru Mungu kwa Kiswahili changu kibovu cha wakati ule.

Lakini liko jambo jingine, ambalo Meshaki sikumwambia. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, mama alikuja kunihudumia, na siku moja akinikorogea uji akaniambia kwamba mwaka ule kilindo kilikuwa kimekwisha. Yeye na bibi walikifagia wenyewe na kuugawa mtama wa mwisho mafungu, wiki nyingi kabla ya siku ile. Jioni moja mimi nikauliza kama tutakufa njaa. Tangu hapo, kila asubuhi nilipokwenda kuokota kuni, bibi alichukua kiganja cha mtama kutoka fungu lake mwenyewe, akakimwaga humo gizani, halafu akanishusha nikakikute. Alimwambia mama kwamba mtoto anayejichotea mwenyewe haamini kuwa chakula kimekwisha.

Nami kila nilipotolewa mle na mtama wangu mkononi nilishukuru, nikiamini ni Mungu anayeuweka usiku tukiwa tumelala. Bado naamini hivyo hivyo. Ila sasa najua alimtuma nani, na kwamba aliyetumwa hakuwa amekula.