Hata Mota ya Mkwe Hujaribiwa

Nakumbuka asubuhi moja pale Kalundu, ufukweni Uvira, wakati wa vita vya pili vya nchi yetu, nilipomfinya shangazi yangu kiunoni ili anyamaze, naye akauondoa mkono wangu kama anayefukuza inzi. Mwanangu, umekuja kuniuliza kama ile mota ya zamani ya mtumbwi unayotaka kuinunua inafaa. Mimi si fundi. Lakini nimeuza ndagala, dagaa wetu, na unga kwa mtumbwi tangu ujana wangu, na mgongo wangu umetetemeshwa na mota nyingi kuliko ulizowahi kuziona. Kaa basi, mota haikimbii.

Wakati ule barabara ya kusini ilikuwa imefungwa na watu wenye bunduki, na kila kitu kilipita ziwani. Mimi na mdogo wangu Amani tulikuwa na mtumbwi mkubwa wa mbao tulioachiwa na baba. Mimi nilipakia, yeye aliendesha. Mota yetu askari walikuja kuiazima, na unajua vya kuazimwa na askari vinavyorudi. Kisha habari zikaanza kushuka kutoka milimani kwamba vita vinakuja mjini. Wenye mota wakaanza kuvusha watu wao kwenda Kigoma, ng'ambo ya ziwa. Sisi tulibaki na mtumbwi mtupu, na nyumbani kulikuwa na mama yetu mzee, watoto wangu, na Feza, mke wa Amani, akiwa na mimba yake ya kwanza, tayari nzito. Kwa kasia, Kigoma huwezi kumfikisha mwanamke wa hali ile. Nilikuwa na hofu, sikufichi.

Ndipo baba yake Feza, mkwe wetu wa Runingu, alipotuma habari kwamba anayo mota na atatuuzia sisi kabla ya watu wengine. Nililia kwa furaha.

Sasa sikiliza jambo la siku zile. Kila mota ilikuwa na siri yake, maana watu walizificha askari wasizione. Wengine walizizika shambani, zimefungwa vizuri ndani ya turubai. Wengine walizizamisha ziwani kwa kamba na jiwe. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lilikuwa: ilizikwa au ilizamishwa? Iliyozikwa kwa uangalifu huamka nzima kama kiazi. Iliyozamishwa ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe hushika siku inapotolewa majini, hewa ikaingia, na mwenyewe asiifungue na kuitia mafuta siku hiyohiyo. Kutu hula gololi za ndani, zile tunazoziita rulma, na kuta za silinda zinazoshika pumzi ya mota, na kwa nje huoni kitu.

Swali hilo nililijua kama jina langu, na sikuliuliza. Muuzaji alikuwa mkwe. Kwetu mkwe ukikutana naye njiani unampisha, na akikupa kitu unakipokea kwa mikono miwili. Kumfungulia kifuniko na kuchungulia ndani mbele yake ni kumwita mwizi. Amani ndiye kabisa. Mbele ya baba mkwe alikuwa hainui hata macho.

Mkwe akaileta mota pale Kalundu, tukaifunga kwenye mtumbwi wetu; ilikuwa imepakwa rangi mpya. Amani akavuta kamba mara moja, ikawaka. Watu wakapiga makofi, mkwe akatabasamu, moshi mzito wa buluu ukatufunika sote. Nilikuwa nimeshaanza kushukuru kwa magoti yaliyokunjwa, na hapo ndipo Shangazi Noela alipofungua mdomo.

Huyu alikuwa dada ya baba yetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya soko, aliyekuwa akisafiri kila juma na mafuta yake ya mawese. Naye angevuka pamoja nasi.

"Weye," akaniambia mbele ya watu wote, "uko unanunua mota ao uko unanunua mukwe?"

Ndipo nilipomfinya.

"Usinifinye! Minye siko fundi, minye niko mupasaje, mutu wa kupanda tu. Hii moshi yote ni ya nini? Tupande mu mutumbwi, twende mbele kidogo. Na mukwe apande na siye."

Nilitamani ardhi inimeze. Mkwe alisita, lakini mbele ya watu angekataa vipi? Tukapanda. Shangazi akamkalisha katikati, penye ubao mpana, tukaenda mpaka nyumba za mtaa wa Songo kule pwani zikawa ndogo. Mota iliunguruma vizuri, maji ya kupoza yakitoka nyuma bila kukatika. Nikaanza kumtazama shangazi kwa hasira.

"Zima," akamwambia Amani. Akazima. Tukakaa kidogo, mawimbi yakitugeuza. "Sasa vuta."

Amani akavuta. Kimya. Akavuta tena, akavuta mpaka jasho likamwingia machoni. Kamba ilikuwa ikija laini, bila nguvu yoyote ya kuizuia, na mota haikukohoa hata mara moja. Upepo ukaanza kutusukuma mbali na pwani.

Shangazi hakupandisha sauti. "Mukwe, hii mota ilizamaka?"

Mzee alitazama miguu yake. "Ilizamaka. Na kuitoa, ilikaa inje muda murefu. Asubuhi nilitia oili muzito ndani, juu iamuke."

"Juu ya nini haukusema?"

"Hakuna mwenye aliniuliza. Na minye nilipata haya. Naanza namna gani kuambia bakwe kitu yangu iko mubovu?"

"Pale unakaa," shangazi akasema, "njo pale Feza atakaa. Ziwa haijuwe bukwe."

Mzee akafunika uso kwa mikono. "Nilizani itamufikisha," akasema. "Kweli, nilizani itamufikisha mutoto yangu."

Hasira yangu iliisha palepale. Mwizi hakuwepo kwenye mtumbwi ule. Mkwe aliona haya kusema, sisi tuliona haya kuuliza, na kwa adabu zetu nzuri za pande zote mbili tulikuwa tunakwenda kumzamisha Feza na mtoto wake. Mzee akachukua kasia bila kuombwa, akapiga makasia pamoja na Amani mpaka tukafika nchi kavu.

Mota tuliyovukia ilitoka Mulongwe, kwa mtu tusiyemjua, chakavu, kifuniko chake kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mkwe mwenyewe ndiye aliyeivuta ikiwa baridi, akaivuta ikiwa moto, akauliza kila kitu bila haya. Tulifika Kigoma wote, na Feza alijifungulia ng'ambo.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii. Rangi mpya isikupumbaze, chema chajiuza. Ikute mota ikiwa baridi na uivute polepole: kamba ikikuzuia kwa nguvu, mota ina pumzi. Toa buji, ile inayowasha moto ndani, uangalie kama imelowa oili ya leo asubuhi. Legeza skrubu ya mafuta ya sehemu ya chini, kwenye mapanga yanayosukuma maji. Yakitoka meupe kama maziwa, maji yameshaingia. Kisha iendeshe mpaka ipate moto kabisa, izime, ungoje, uivute tena. Wengi hununua baada ya kuwaka kwa kwanza, na kuwaka kwa kwanza kunaweza kutengenezwa kwa oili nzito, inayoziba pengo mota ikiwa baridi na kuyeyuka ikipata moto. Kuwaka kwa pili ndiko kunakokurudisha nyumbani.

Lakini kabla ya hayo yote uliza, na umuulize zaidi unayemheshimu, maana mgeni utamuuliza bila kusukumwa. Kuuliza si ujinga, wala si matusi. Nawe siku ukiuza, sema ubovu wa kitu chako kabla hujaulizwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na kifo cha ziwani hakimuumbui mgonjwa peke yake, humchukua na aliyeketi katikati.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mota yenye pumzi, akupe na mdomo usioogopa kuuliza. Kila utakayempakia umshushe kwa miguu yake mwenyewe, akiwa mkavu, mikononi mwa wanaomngoja.