Msichana wa Picha ya Mkongeni

Siku za gulio hutoka Korogwe mapema na ubao wangu wa kuchorea, kwenda Kabuku kuchora sura za watu. Hukaa barazani kwa fundi cherehani mmoja, karibu na barabara kuu. Wengi huja kutaka kibonzo: dereva wa lori anataka kitambi chake kikuzwe, kijana anataka kumchekesha mchumba. Wachache hutaka sura yao yenyewe, kwa mkaa au kwa pasteli, zile chaki laini za rangi. Mkaa nauchoma mwenyewe kwa vijiti vya mpera, ndani ya kopo la maziwa lililofunikwa vizuri.

Vibonzo ndivyo vilivyonifundisha kuangalia. Hakuna uso ulio sawa pande zote mbili. Pua imeegemea kidogo, jicho moja limeshuka, na hapo ndipo mtu alipo. Nikikutana na mgeni, kabla sijamaliza kumsalimu nimeshaanza kutafuta.

Siku moja walikuja kina mama wawili wauza machungwa, mapacha, watu wazima wenye wajukuu. Walifanana kama shilingi kwa ya pili. Mdogo aliolewa na Mwislamu, akawa anavaa ushungi. Watu wa gulioni waliwatofautisha kwa huo tu.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mkubwa. "Hivi, unaweza kumchora mtu ambaye hakuwahi kupigwa picha?"

"Mtu gani huyo, mama?"

"Mimi. Nilipokuwa mtoto."

Mdogo akatoa kwenye mkoba picha ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Ilikuwa ya msichana wa miaka saba hivi, amevaa gauni lenye kola pana, amesimama barazani chini ya kalenda ya ukutani. Baba yao alikuwa mkata mkonge, na mpiga picha alipita kambini kwao mara moja tu.

"Huyu mdogo wangu," alisema mkubwa. "Siku hiyo mimi nilikuwa naumwa, nimelala ndani. Sasa mjukuu wangu kaiona picha hii, ananiuliza, 'Bibi, wewe hukuwahi kuwa mtoto?'"

Tukacheka wote.

"Ni mimi kweli," alisema mdogo. "Mpaka leo nakumbuka jua lilivyonipiga machoni."

Niliona kazi ni rahisi, ningenakili tu uso wa picha. Lakini nikaona si haki mtu aje kuchorwa halafu nimpe sura ya mwenzake. Nikamwomba mkubwa akae kwenye kigoda, nikaanza na uso wake wa sasa, nipate mifupa. Nyusi yake ya kushoto ilikaa juu kuliko ya kulia, kama mtu anayetaka kuuliza swali. Na alipotabasamu, kishimo kilitokea shavu la kushoto peke yake.

Nikaangalia picha. Nyusi ya kushoto ya msichana iko juu, na kishimo kipo shavu lake la kushoto.

Nikamgeukia mdogo. Kwake nyusi iliyopanda ilikuwa ya kulia, na kishimo pia.

Nikaweka mkaa chini. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba picha ilisafishwa kinyume, kwa hiyo nikaisogeza karibu na macho, nikatazama kalenda. Tarakimu zilisomeka sawasawa.

"Mama," nilimwambia mkubwa, "naona huyu ni wewe."

"Mimi sijioni hapo," alisema bila kusita. "Uso wangu naujua."

"Unaujua kutoka wapi?"

"Kwenye kioo. Kwani wewe wako unaujua kutoka wapi?"

Swali lake lilinikaa kichwani. Nikamwomba fundi kioo chake cha wateja, nikakielekeza kwenye picha. "Usiangalie picha. Iangalie ndani ya kioo."

Aliinama. Akaweka kiganja mdomoni.

"Jamani. Huyu ni mimi."

Kioo hugeuza uso, picha haigeuzi. Mkubwa alikuwa akitafuta nyusi yake iliyopanda upande anaouona kila asubuhi, haikuwepo. Mdogo, ambaye nyusi yake ni ya upande wa pili, alikuwa akiiona palepale anapoizoea. Kwa hiyo miaka yote walikuwa wamekubaliana, na wote wawili walikosea.

Mdogo naye aliinama kwenye kioo, akainuka, akainama tena.

"Na lile jua?" aliniuliza, kana kwamba nilikuwepo.

Nilijuta kidogo, mtu alikuja na picha yake, na mimi nimemnyang'anya.

"Ninachokumbuka mimi ni joto tu," alisema mdogo baadaye, polepole. "Joto usoni, macho yanauma. Na dawa chungu, kwenye kijiko cha bati. Siku zote nilidhani ile dawa ni ya siku nyingine."

Mkubwa akamshika mkono. "Ilikuwa homa, mdogo wangu. Uliweweseka mpaka mama akalia. Nami nilidhani ni siku nyingine, nikaamini mgonjwa wa siku ya picha ni mimi." Kisha akanigeukia: "Basi mchore yeye."

Nikamchora mdogo kwa pasteli. Gauni nililichukua kwenye picha, maana walishonewa sare, nikahamisha nyusi na kishimo upande wa kulia. Lilipofika suala la rangi, mkubwa alisema gauni lilikuwa la kijani. Mdogo akasema bluu. Walibishana hadi wateja wa machungwa wakaondoka. Mwisho nikawafungulia boksi la chaki, kila mmoja anionyeshe. Wakanyooshea vidole chaki ileile, ya rangi iliyo kati ya hizo mbili, kila mmoja akiiita jina lake.

Mchoro ulipokamilika, mdogo aliutazama, akaufikisha mbele ya kioo, akaitikia kwa kichwa. Kisha akaifunga picha ya zamani kwenye nailoni yake na kumpa dada yake. "Chukua. Ni yako."

Gulio lililofuata mkubwa alinipitia na machungwa manne.

"Ile picha nimemrudishia mwenyewe, mdogo wangu," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Kwangu haikukaa. Nimezoea nikitaka kuiona niende kwake, ninywe chai." Akanimenyea chungwa moja. "Mimi nimechukua ule mchoro wako. Nauangalia sana. Yule mtoto wa mchoroni simkumbuki kabisa, ingawa tulilala kitanda kimoja."