Mtoto Hashiki Mbeleko

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na tisa, taabu ilinikuta uani napura maharage. Hiyo ni Burundi, upande wa kusini. Mume wangu Yohana alikuwa anachonga mpini wa jembe, akinitania kwamba nayachapa maharage kama yamenitukana. Binti yetu Editha alikuwa mgongoni, ndani ya mbeleko ya ngozi ya kondoo. Kwetu mbeleko hutolewa na mama mkwe, na haiazimwi.

Jirani yetu Kristina akaja mbio, naye ana mwanawe mgongoni.

"Askari wako kanisani. Wanachukua wanaume."

Yohana akasema, "Tangulieni. Namfuata baba, nitawakuta."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Tulikata pori kuelekea Mto Malagarasi. Kristina alisali njia nzima. Mimi nilijaribu, maneno yakagoma. Nikamwambia: mimi na Mungu basi tena.

"Haya, nyamaza. Nitakusalia na wewe. Ila usinikanyage visigino."

Mtoni tulisikia bunduki nyuma yetu.

Maji yalifika kifuani. Nilitaka kumkumbatia Editha kwa mikono. Kristina akanizuia, akaivuta mbeleko juu mabegani, akakaza fundo.

"Usimshike! Shika matete. Ukimshika mtazama wote."

Nikamwachia. Nikashika matete.

Risasi zikapiga maji.

Sikugeuka.

Ng'ambo nilimfungua. Editha alikuwa amelala usingizi.

Kristina akamfungua wake. Risasi ilikuwa imempata.

Akamfunga tena mgongoni. Mimi na wengine waliovuka tukamwambia tumzike palepale, tuendelee. Akasema, "Bado ni wangu. Siwezi kumwacha matopeni." Alimbeba hivyo mpaka kijiji cha kwanza upande wa Tanzania, kwenye udongo mkavu na watu wa kutuazima jembe.

Malori, kisha treni, vikatuleta Tabora. Wazee wa hapa wanasema reli imeifuata njia ya misafara, ambayo babu zao waliipita na pembe za ndovu mabegani. Sisi hatukuwa na mzigo wa kuuza. Tulishushwa porini Ulyankulu, tukapewa shoka na mbegu. Darasa la kwanza nilisoma. La pili nililichungulia dirishani. Lakini pori lile nililifyeka mwenyewe, tumbaku nililima mwenyewe, na tofali nilichoma mwenyewe.

Kanisani nilirudi baada ya miaka mingi, na sikurudi kwa machozi. Nilirudi na swali. Editha alilalaje pale mtoni? Hakunishika. Hata mto hakuujua. Mtoto hashiki mbeleko, mbeleko ndiyo humshika. Basi mimi niliyeacha kusali, nilikuwa mgongoni mwa nani? Swali hilo limenikalisha kwenye benchi la kanisa mpaka leo.

Mwaka jana alikuja frateri mmoja anayesomea upadre Kipalapala.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kaa, kuna mihogo."

Nikamsimulia yote hayo. Akatafuna, halafu akauliza, "Na babu Yohana je? Yeye naye alishikwa?"

Nilikasirika. Nilitaka kuondoa sahani. Zaidi ya miaka hamsini sijathubutu kuliuliza hilo kwa sauti, na kijana analiuliza mdomo umejaa mihogo!

Nikamjibu kwa kisa cha Kristina, maana sina jibu jingine. "Mwanawe alikuwa amekufa, na bado alikuwa wake. Hakumwacha matopeni. Kama mama ana moyo huo, sitaki kuamini aliyemuumba ana moyo mdogo zaidi. Mbele ya hapo sijui. Wewe uliyesoma unajua?"

"Hapana, bibi."

"Basi kula."

Leo nina nyumba ya tofali yenye bati. Nina bani la kukaushia tumbaku, mizinga ya nyuki, ng'ombe wa maziwa na karatasi za uraia. Nina Editha, naye ana wajukuu. Nina ile mbeleko, imekauka kama ubao.

Kaburi la Yohana sina.