Lambo la Pili

Kabla ya kustaafu nilikuwa mhudumu wa chumba cha upasuaji mjini Mtwara. Magugu maji madogo yalipofunika lambo la kijiji cha dada yangu, huko Mpapura, nilichukua mashine kuukuu ya kufyonzea damu, niliyoikarabati mwenyewe, nikaenda kuyafyonza.

"Kaka, leo unalipasua lambo? Usisahau nusukaputi," dada alinitania.

Mashine ilivuta magugu vizuri, ila ilivuta na maji mengi. Nilitaka kuyamwaga mchangani.

"Umwage maji kiangazi hiki? Una wazimu?" Dada akanionyesha lambo la pili, lililokuwa bado safi.

Niliyachuja kwa shashi ya kufungia vidonda, nikayamimina humo. Nilijua shashi haizuii kila kitu. Nilinyamaza kwa sababu wanakijiji waliokuja kutazama walikuwa wakinipigia makofi.

Mvua zilipokwisha, magugu yalikuwa yamerudi kwenye lambo la kwanza, na la pili nalo lilikuwa kijani tupu. Sasa dada anafuata maji mbali, na magoti yake ni mabovu. Anasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyenizuia nisimwage. Nimemweleza kuwa shashi niliijua mimi. Ananisikiliza hadi mwisho, kisha anajitwika ndoo.